Kuchagua jiwe la memwari: matumbawe ya pwani, R.S.C., Kakontwe ao Tanganyika?

Kila mwaka ikifika hii miezi ya kutafuta sujeti ya memwari, ile kazi ya kuandika ya kumalizia chuo, telefone yangu haipoi. "Yaya, nichukue nini?" Juzi mdogo wangu mmoja wa promo ya mwisho, jiolojia, hapa hapa Lubumbashi, kaniandikia usiku sana, eti anataka kufanya karboneti (mawe ya ukoo wa chokaa), amependa mno picha za matumbawe, direkta wake kamwambia achague mwenyewe lakini achague haraka. Nikaanza kumjibu kwa sauti, nikafika dakika kumi na mbili na bado sijamaliza matumbawe, nikaona bora niandike tu na wengine wasome, juu swali ni lile lile kila mwaka. Nitapima manne: matumbawe ya pwani, R.S.C. (jiwe la matundu matundu la migodi ya Katanga), Kakontwe (jiwe la chokaa la upande wa Likasi), na chokaa ya ziwa Tanganyika.

Kwanza tusikilizane kwenye jambo moja. Mchanga wa kawaida na udongo vinatoka mlimani, mto unavibeba unavitupa huko. Karboneti hapana, inazaliwa palepale ndani ya maji, ni mnyama ameitengeneza, ao mwani, ao vijidudu visivyoonekana, ao maji yenyewe yamechoka kubeba kalsiumu yakaiachia. Kalsiti na aragoniti ni kitu kimoja kwa mapishi, atomu tu ndizo zimepangwa tofauti, na dolomiti ni pale ambapo nusu ya kalsiumu imempisha magnesiamu. Kwa hiyo mie kila jiwe naliuliza swali moja: nani alikutengeneza, na bado unamkumbuka? Uzuri wa picha achana nao. Jiwe ambalo limesahau litakutesa miezi sita halafu siku ya difensi, mbele ya juri, utajibu "labda".

Haya, matumbawe, juu ndiyo yanapagawisha watu. Kwa upande wa kumbukumbu hayana mpinzani kabisa. Niko na kipande nyumbani, shangazi yangu anayefanyaga biashara ya Dar aliniokotea ufukweni, kinalingana na ngumi, chepesi kuliko macho yanavyokwambia, na uso wake wote ni vinyota vinyota vya milimita chache. Kila kinyota ni kiti cha mnyama mmoja. Ukiweka lupu (kioo cha kukuzia) unaona vikuta vyembamba vinatoka pembeni kuelekea katikati kama chungwa lililokatwa nusu. Hapo hakuna cha kubishana, jiwe lenyewe limeandika jina la fundi.

Na fundi mwenyewe anajulikana maisha yake. Kimnyama laini, ndani ya ngozi yake anafuga mwani, mwani unataka jua, ndiyo maana matumbawe yale yanayojenga miamba yanakaa maji ya chumvi, ya juu juu, ya joto la digrii 18 kwenda juu hivi, hayataki maji ya matope. Kwa hiyo ukiyakuta kwenye jiwe la zamani umeshapata kina cha maji, joto, chumvi, vyote bila hata mashine. Darwin mwaka 1842 alijenga hoja nzima juu ya hilo: volkano katikati ya bahari inazama polepole, matumbawe yanajengea juu ya maiti za wenzao ili yabaki kwenye mwanga, mwisho kisiwa kinapotea inabaki pete ya chokaa peke yake. Watu wakabishana zaidi ya miaka mia, mpaka 1952 Wamarekani wakatoboa sondaje pale Enewetak kwenye Pasifiki, wakapita metre zaidi ya 1,200 za chokaa ya maji mafupi, yasiyo na kina, ndipo wakagonga jiwe la volkano. Mzee alikuwa na haki.

Upande wetu wa bara, matumbawe ya kuyakanyaga bila kulowa ni pwani ya Kenya na Tanzania. Pale Mombasa mji wenyewe umekaa juu ya mwamba wa matumbawe wa kama miaka 125,000, wa wakati bahari ilipanda metre kadhaa kuliko leo halafu ikarudi. Wareno walipojenga Fort Jesus, 1593, walikata jiwe hilo hilo. Saruji ya Bamburi inatoka humo humo. Na Malindi walitoboa tumbawe moja kubwa lililo hai wakasoma mistari yake mwaka kwa mwaka kama pete za mti, miaka 194 ya joto la bahari ndani ya kitu kimoja. Hiyo ndiyo kumbukumbu.

Sasa niwaharibie kidogo. Kwanza, mwamba wa matumbawe sehemu kubwa yake si matumbawe yaliyosimama. Ni vipande, mchanga, makombora, mwani wa chokaa uliovunjika, na kazi ya yule samaki pono ambaye anagugunaga mwamba kutwa nzima halafu anatoa mchanga mweupe kwa nyuma, ule ule watalii wanalalia. Kwa hiyo memwari ya matumbawe si kupiga picha vinyota, ni kuhesabu punje chini ya mikroskopu, na hapo raha inapungua. Pili, kutoka hapa mpaka pwani ni kama kilomita 2,000, Kasumbalesa, Zambia, Tunduma, uteremke. Utaenda mara moja. Ukirudi nyumbani ukagundua kwamba kwenye sampuli namba saba hukuandika upande wa juu ni upi, basi, hakuna kurudi Jumamosi ijayo kuangalia. Tatu, juri yetu ni ya watu wa shaba, watakuuliza hii kitu inatusaidia nini Katanga, na uwe na jibu, maana wengine wao wanauliza kwa tabasamu mbaya.

R.S.C. sasa. Hapa nianze na aibu yangu. Nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili tulipelekwa upande wa Kolwezi, tukafika kwenye mwamba umejaa matundu matundu kama sifongo, mie kwa haraka nikaandika kwenye kaye (daftari) "matumbawe ya kale", na chini nikapiga mstari kabisa. Asista, msaidizi wa profesa, akapitia nyuma yangu, akasoma, hakusema neno, akatoa kisu chake akanipa. Nikakwaruza. Kisu ndicho kiliacha alama yake ya chuma kwenye jiwe, jiwe halikuacha kitu. Kalsiti kwenye kipimo cha ugumu iko 3, dolomiti inafika 3.5 hadi 4, kisu kinazishinda zote mbili. Kile kilichokuwa mbele yangu kilikuwa silika, 7. R.S.C. ni roches siliceuses cellulaires, mawe ya silika yenye matundu, jina lenyewe linasema, mie nilikuwa nimekariri herufi tatu tu.

Kumbe matundu ya matumbawe na matundu ya R.S.C. hayana undugu. Kwenye tumbawe tundu ni nyumba, mnyama alikaa. Kwenye R.S.C. tundu ni kaburi la dolomiti: zamani silika iliingia sehemu sehemu, halafu mvua za miaka na miaka zikaosha dolomiti, kikabaki kiunzi cha silika peke yake. Shuka chini kwa sondaje, chukua karoti (vile vipande virefu vya duara mashine inavitoa kwenye jiwe, si za sokoni), unakuta jiwe lile lile limejaa, zito, dolomiti nzima. Na ndani ya dolomiti hiyo ndimo kuna utamu: mistari imejikunja kama kabichi uliyoikata katikati, tabaka juu ya tabaka, inavimba inaungana na ya jirani. Hizo ni stromatoliti. Hakuna mnyama hapo. Ni utando wa vijidudu, bakteria wa kijani-bluu, walikuwa wanalala kwenye maji mafupi wananasa vumbi la chokaa, wanajenga, wanapanda juu kufuata mwanga, kesho tena. Wajukuu wao wako hai mpaka leo Shark Bay, Australia, wanajenga chini ya milimita moja kwa mwaka.

Umri ndio unamaliza ubishi wa matumbawe. Roan, lile kundi la tabaka ambamo Série des Mines (tabaka za migodi, pamoja na R.S.C.) imo, ni zaidi ya miaka milioni 750. Wanyama wenye gamba gumu wanaanza kuonekana kama milioni 550, na matumbawe ya ukoo wa leo ni milioni 240 hivi. Kwa hiyo ukiandika "matumbawe" kwa jiwe la Katanga umeweka fundi ambaye babu wa babu yake hajazaliwa. Neno "récif" (mwamba uliojengwa na viumbe) unaweza kulitumia kama umeona kitu kilichojengwa kikasimama, lakini sema mara moja kwamba waliojenga ni vijidudu, usiache msomaji akafikiria vinyota.

Uzuri wa R.S.C.: iko katikati kabisa ya pesa. Chini yake kuna safu moja ya madini, juu yake nyingine, shaba na kobalti, kwa hiyo sosiete zote zimeitoboa na karoti zimejaa kwenye masanduku zinakula vumbi. Ukipata staji (mafunzo ya kazi mgodini), nusu ya kazi imekwisha. Ubaya: jiwe hili limesahau mengi. Dolomiti mara nyingi haizaliwi hivyo, inakuja baadaye, maji yenye magnesiamu yanapita ndani ya chokaa yanaila na kuipika upya, na vile fuwele mpya zinakua zinafuta punje za mwanzo. Watu wanalalamika tangu zamani kwamba dolomiti imejaa kwenye mawe ya kale lakini leo ni vigumu kuikuta inajitengeneza, zaidi ya sehemu za chumvi kama pwani ya Abu Dhabi na vidimbwi vingine ambako bakteria wanasaidia. Juu ya hiyo ongeza silika, ongeza maji ya moto yaliyoleta shaba, ongeza milima iliyokunja kila kitu. Unamuuliza jiwe nani alikutengeneza, anakwambia, mwanangu, nimeolewa mara nne. Na lingine: karoti ni za sosiete, na kuna mtu mmoja wa promo yangu alifanya staji sehemu moja hivi, akamaliza kila kitu, siku ya kuondoka akaambiwa data haitoki. Akaanza memwari upya mwezi wa sita. Karatasi ya ruhusa kwanza, nyundo baadaye.

Tuingie Kakontwe, na sitaficha, moyo wangu uko hapa.

Kakontwe ni kalkere, jiwe la chokaa, ya upande wa Likasi, kilomita 120 hivi kutoka Lushi (Lubumbashi), unaenda asubuhi unarudi usiku ukiwa na mifuko ya mawe na watu wa taksi wanakulalamikia. Ni kijivu, kimya, hakivutii macho. Dondosha tone la asidi hidrokloriki ya asilimia kumi: inachemka hapo hapo, povu, sauti kama mafuta yameona kitunguu. Fanya vile vile kwa dolomiti ya R.S.C.: kimya, tone limekaa linakuangalia. Ukwaruze kwanza upate unga, dondosha juu ya unga, sasa ndiyo vipovu vidogo vinaanza kutoka kwa uvivu. (Chupa ifunge vizuri na ikae wima. Yangu ilivujia begi, surwali ikapata matundu, nikapanda gari kurudi nimejifunika kwa kaye.)

Sababu ya kuipenda: kalkere nyingi pale imebaki kalkere, haijapikwa upya yote, kwa hiyo bado unaweza kusoma tabaka nyembamba, matope ya chokaa, sehemu utando wa vijidudu umekunjamana. Unaweza kutumia daraja za Dunham za 1962 kwa haki, yaani unauliza nani anamshikilia nani, matope yanabeba punje ao punje zinaegemeana zenyewe, na jibu linakwambia maji yalikuwa yametulia ao yalikuwa yanapigapiga. Kwenye R.S.C. hilo zoezi mara nyingi ni kuchora unachotamani.

Halafu hadithi yake. Ukishuka chini ya Kakontwe unafika kwenye Grand Conglomérat, mawe ya kila aina yamechanganywa kwenye matope, kazi ya barafu, ile baridi kuu ambayo duniani inaisha kama miaka milioni 660 iliyopita. Katikati hapo kuna dolomiti ya mistari mistari ambayo wazee wetu waliiita dolomie tigrée. Yaani dunia inatoka kwenye barafu, na kitu cha kwanza bahari inafanya ni kumwaga chokaa. Chokaa ni mtoto wa joto, sote tumefundishwa hivyo, sasa anafanya nini pale mlangoni mwa barafu? Watu wa dunia nzima wanaandika juu ya hilo swali na jiwe lake liko kwetu. Na ukiambiwa "inasaidia nini", jibu liko kilomita 30 kutoka hapa: Kipushi, zinki, shaba, germaniamu, vyote vimelala kwenye karboneti hizi hizi za Kakontwe, mgodi ulioanza 1924, ukasimama 1993, ukarudi kuzalisha 2024. Bila kusahau chokaa yenyewe, juu viwanda vya shaba vinakula chokaa kila siku kupunguza asidi, na mkulima mwenye shamba chungu la mahindi naye anaitaka.

Ubaya uko. Usipopata kupima isotopi za kaboni (kaboni nyepesi na nzito ndani ya jiwe), sehemu ya mwisho ya hadithi ya barafu utaisema kwa maneno ya wengine, na sampuli za namna hiyo kwa kawaida zinasafiri nje. Pia kariere (machimbo ya mawe) zinachimbwa, ukuta uliouchora mwezi wa tatu mwezi wa tano haupo, wameuchoma umekuwa chokaa. Piga picha na uweke nyundo kama kipimo. Na ukumbuke kwamba wenye kariere hawapendi kuona mtu anazunguka na kaye bila kubisha hodi.

Tanganyika ni chaguo ambalo hakuna mtu ananiulizaga, na ndilo lingeweza kumtosheleza yule anayependa matumbawe. Ziwa la kilomita 673, kina kinafika metre 1,470, halina tumbawe hata moja juu ni maji baridi, namaanisha si ya chumvi ya bahari, lakini ukingoni kuna karboneti inazaliwa leo hii: punje za duara zilizozungushwa na mawimbi zikavikwa chokaa kama peremende, vitanda vya makombora ya konokono ambamo samaki wadogo wamepanga nyumba, na stromatoliti, ndiyo, zile za kabichi, ndani ya ziwa letu. Cap Banza, kwenye rasi ya Ubwari, kuna mpaka vichimni vya aragoniti chini ya maji, maji ya moto yanatoka kwenye ufa wa ardhi yanakutana na ziwa yanajenga bomba. Mtu aliyeziona stromatoliti za Tanganyika halafu akarudi kwenye karoti ya Kolwezi anaona kitu ambacho mie nilichukua miaka kukiona.

Tatizo ni safari ya Kalemie, mtumbwi, mtu wa kuzamia, na usalama wa kila pwani ambao unabadilika. Na ziwa lenyewe limepanda tangu 2020 hivi, limeingia mpaka kwenye nyumba za watu Kalemie na Uvira, kwa hiyo ulichosoma kwenye ripoti kuwa kiko ufukweni pengine sasa kiko ndani ya maji.

Wenzetu wa Bukavu na Goma nao wasinune, Kivu iko na kisa chake kifupi kitamu. Ukitoa bomba la matope chini ya ziwa unakuta karboneti imeanza kujilaza ghafla miaka ya 1960, kabla ya hapo kwa muda mrefu hakuna. Watafiti wanataja chemchemi za chini ya ziwa, mbolea na uchafu unaoingia kutoka bara, na pia sambaza, waliotolewa Tanganyika wakaingizwa Kivu mwaka 1959, wakala vijidudu vilivyokuwa vinakula mwani, mlo wote wa ziwa ukageuka. Ndiyo, sambaza wale wale wa kukaanga. Hiyo siyo memwari ya mtu wa Lushi lakini kama uko kule, mie nisingelala.

Kuhusu pesa na labo sitachelewa. Vyote vinne vinahitaji lupu, asidi, kisu, msasa wa kusugulia jiwe kwenye maji mpaka ling'ae, na hapo umeshaona nusu ya mambo. Kabla ya kulipia kukatisha vipande vyembamba vya mikroskopu tafuta alizarini nyekundu, rangi ya kupaka jiwe: kalsiti inageuka nyekundu, dolomiti inabaki vile ilivyo, na unajua kipande gani kinastahili pesa. Kwa matumbawe na Tanganyika pesa yako inaisha barabarani. Kwa R.S.C. inaisha kwenye kungoja saini. Kwa Kakontwe inaisha kwenye taksi.

Kwa hiyo mdogo wangu. Kama uko na ndugu pwani wa kukulaza mwezi mzima, na direkta anayekubali, nenda matumbawe, sitakuzuia, lakini nenda kwa ajili ya mchanga na punje. Kama staji ya mgodi imeshasainiwa na karatasi ya data iko mkononi, chukua R.S.C., ukijua kwamba utakuwa unaandika zaidi juu ya yaliyolipata jiwe baadaye kuliko juu ya fundi wake. Kama hakuna staji wala ndugu, na wengi wetu ndio hao, chukua Kakontwe. Na hata ukichukua Kakontwe, tafuta picha nzuri za Tanganyika ukae nazo wiki moja kabla hujapanda gari, jicho lizoee kabichi hai kwanza.

Akanijibu asubuhi: "Sawa yaya, Kakontwe. Utaniazima nyundo?" Nyundo nitampa. Chupa ya asidi anunue yake.